Mbwa wa Kuachiwa

Sergent hakuuza mbwa hata mmoja maisha yake yote, na hakumpa mtu mbwa bila kumtukana kwanza. Ukienda kwake kuomba mtoto wa mbwa, alikuacha umesimama juani huku yeye akiendelea kukwangua sufuria. Kisha aliuliza mambo yasiyomhusu. Kwako nani anakula wa kwanza? Mkeo akikasirika anapiga nini, mtoto au mlango? Ukijibu haraka, alikuambia wewe mwongo. Ukifikiri kabla ya kujibu, alikuambia wewe mwongo mwenye akili. Wengi waliondoka wakiapa kwamba hawatakanyaga tena kwake. Wachache walirudi, na hao ndio aliowahesabu kuwa watu.

Baba yangu, karani wa reli, alikuwa mmoja wa waliorudi. Ndiyo sababu nilimjua Sergent tangu utoto wangu, na ndiyo sababu nilipata ruhusa ya kubishana naye nilipokua, ruhusa ambayo hata wanawe wa kuzaa hawakuwa nayo.

Uaskari aliuacha zamani, lakini cheo kilimganda. Alikuwa amefanya kazi ya mbwa kule Baze, kambi kubwa ya jeshi nje ya mji, na alipenda kusimulia kwamba Wazungu walipoondoka waliacha mbwa wao wakubwa ndani ya vyumba vya waya, bila chakula, wakila mbao za milango. Yeye akachukua jike mmoja aliyebaki mifupa, akamkutanisha na mbwa mwekundu wa wawindaji wa Kiluba, yule mdogo asiyebweka, ambaye porini hufungwa njuga ya mti ili mwenyewe ajue aliko. Kutokana na hao wawili, alisema, ndipo walipotoka mbwa wake: warefu, wakavu, kimya. Ukiingia kwenye uwanja wao hawakubweka. Walikuja tu kusimama kando yako, mmoja kila upande, wakangoja.

Sikuiamini hadithi hiyo. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu Lubumbashi na nilijua kidogo kuhusu urithi wa wanyama; nikamwambia kwamba kimya hakirithiwi kirahisi hivyo, kwamba baada ya vizazi vichache nusu yao wangekuwa wanabweka kama mbwa wengine wote wa Kamina.

“Ku inivesite kule, muko na mbwa?” akaniuliza.

Nikasema hapana.

“Basi.”

Nikamwambia hilo si jibu. Akanipa kiazi cha kuchoma, akaniambia nile, kwa sababu ubishi na njaa haviendi pamoja. Baadaye mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Sergent, alinivuta jikoni akaninong'oneza kwamba watoto wa mbwa waliobweka walikuwepo, tena wengi. Sergent alikuwa anawaua kabla hawajaonekana.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nyuma ya banda, ambalo alikuwa amelijenga kwa mataruma ya reli yaliyooza na mabati ya kuokota, kulikuwa na pipa la maji. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa dhaifu, au mwenye sauti, au aliyechelewa kupata ziwa la mama yake, aliishia ndani ya pipa lile. Alifanya kazi hiyo mwenyewe, bila kuchelewa na bila maneno. Mama Sergent hakuchota maji pale hata kwa kumwagilia lengalenga, mboga yake ya uani. Lakini mtu huyohuyo nilimwona kanisani siku ya Pasaka akiwa amevaa koti lililovimba kifuani, na katikati ya sala koti likaanza kulia. Mama wa mbwa alikuwa amekufa usiku, na ndani ya koti mlikuwa na watoto wawili wenye nguvu, wa kimya kama alivyowataka. Sasa walikuwa wakilia kwa njaa, jambo ambalo kila kiumbe huruhusiwa. Mchungaji alikatiza sala. Sergent akasimama, akatoka taratibu, akarudi wakati wa kutoa sadaka.

Mama Sergent alikuwa na mzaha wake kuhusu nyumba ile. Mgeni akimwuliza yeye ni mke wa ngapi, alijibu: “Minyi? Minyi njo mbwa wa tatu,” yaani mimi ndiye mbwa wa tatu. Watu walicheka, Sergent pia. Sikuwahi kumwona Mama Sergent mwenyewe akiucheka.

Sergent alikosea mara nyingi, na sikumwachia. Aliamini kwamba mbwa wa damu nzuri hawezi kupata kichaa. Mganga wa mifugo alipokuja mtaani na sindano, Sergent alifunga lango kwa mnyororo na kumwambia aende akachome mbwa wa masikini. Masika yaliyofuata, dume lake bora lilianza kutoa povu na kuogopa maji. Alilimaliza mwenyewe kwa mkuki, asubuhi, akalizika mbali na mto. Hakusema kwamba alikosea. Ila sindano ziliporudi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, mbwa wake wote kwenye kamba, akiwatukana waliochelewa kwamba wataua watoto wa watu.

Na serikali ilipotuamuru tuache majina ya Kizungu, sote tukachukua ya mababu, naye alisema kwamba mbwa wake pia ni raia wa Zaire. Lakini angewaita nani? Kila jina la Kiluba lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe angekuja na panga. Basi akawapa majina yasiyo ya mtu: Pengine, Kesho, Bado, Sijui. Jioni mtaa mzima ulimsikia akiita “Bado! Bado!” kama mtu anayejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Alikuwa na msemo mmoja aliourudia hadi ukachosha. “Muntu akikupatia mukono, ngoja. Akikuachia mbwa, pale njo rafiki.” Nilimwuliza kama ana maana kwamba asiyefuga mbwa hana rafiki. Akasema ndiyo, ana maana hiyohiyo. Nikamwuliza kuhusu Yesu. Akasema Yesu alikuwa na kondoo, si mbaya sana.

*

Rafiki yake, kwa kipimo hicho, alikuwa mmoja. Alikuwa dereva wa treni, mashinisti kama tunavyosema kwetu, Mkasai aliyezaliwa Kamina ambaye Kasai, mkoa wa wazazi wake, aliijua kwa kuipitia tu, akiwa juu ya injini yake. Aliishi jirani na sisi katika mtaa wa reli, ua kwa ua na baba yangu. Urafiki wao ulianza kwa ugomvi: jike la mashinisti liliruka ua wakati wa joto lake na kupata mimba kwa mbwa wa Sergent, na Sergent akaenda kushtaki kwamba damu yake imeibwa. Walitukanana asubuhi nzima. Ilipofika saa ya kula, mashinisti alimkaribisha mezani, na bukari, ugali wetu, ilipoisha walikuwa wameshapatana nani atachukua mtoto gani.

Kuanzia hapo mbwa wale walisafiri. Mashinisti aliwabeba watoto wa mbwa ndani ya kibanda cha injini, kwenye kikapu karibu na miguu yake, akawapeleka kwa watu wa upande wa Kabongo, na kusini, na kaskazini hadi Kasai. Akarudi na mbwa wengine wa kuongeza damu. Kila kituo palikuwa na mtu: mfungua njia, mke wa mkuu wa kituo, mwalimu. Hawa watu hawakuwa na kabila moja wala kanisa moja. Kilichowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa tayari kumlisha mbwa wa mwenzake wakati mwenzake hayupo. Mimi, niliyesoma darasani kuhusu taifa na umoja na kuona maneno hayo yakibaki kwenye mabango, nilikiri kwamba kitu kile kilifanya kazi.

Kilikuwa na sheria zake. Treni za Zaire ziliondoka lini zikarudi lini, hakuna aliyejua. Safari ya siku chache iliweza kula mwezi. Kwa hiyo mashinisti aliacha mbwa wake kwa Sergent mara nyingi. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba mbwa wa kuachiwa haondolewi kwenye lupango, yaani ua wa mwenyewe. Unayemwachia ndiye anayekuja na chakula. Ukimhamisha mbwa kwako, amebadilisha mkubwa, na hilo kwao lilikuwa wizi. Sheria ya pili ilikuwa namna ya kukabidhiana. Anayeondoka na anayebaki walitembea pamoja ndani ya lupango, na anayebaki aliuliza, “Na ingine?” Mwenyewe akasema: huyu ana kidonda sikioni. “Na ingine?” Ule waya pale umelegea. “Na ingine?” Yule jike asile mifupa ya samaki. Waliendelea hivyo mpaka mwenyewe aseme, “Njo yote.” Aliyepokea hakuruhusiwa kufunga mazungumzo. Sergent aliwahi kumnyang'anya mtu mbwa kwa sababu alisema “Sawa, nimeelewa” kabla ya wakati wake. Mtu anayejua kila kitu mapema, alisema, anataka uondoke haraka.

Na kilichotajwa katika kutembea kule, chochote kile, kilikuwa juu ya kichwa cha aliyeuliza. Safari moja mashinisti alitaja paa linalovuja, na Sergent akalipaka lami. Safari nyingine alitaja kwamba mke wake ana mimba na hasikilizi. Mama Sergent akahamia kule hadi mtoto alipozaliwa. Alikuwa binti, wa mwisho wao. Alikuwa na kifua kibovu tangu siku ya kwanza.

*

Ukaja mwaka ambao watu wa Kasai waliambiwa kwamba Katanga, mkoa wetu, si kwao. Sitaeleza siasa yake. Walioipanga wanajua, na walioitekeleza walikuwa vijana niliosoma nao, waliofunga vitambaa vyekundu kichwani na kuimba. Chuo kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nyumbani. Nyumba zilianza kuwekwa alama. Walimu waliondoka, kisha wafanyakazi wa hospitali, kisha watu wa reli. Mashinisti alikataa kuamini. Alimwambia baba yangu juu ya ua: “Bantu banapanda treni. Minyi njo niko ninaendesha. Nani atanifukuza mu treni yangu?” Siku ile walipompokonya funguo za injini, alirudi kwa miguu na kofia yake mkononi.

Sergent alikuwa Mluba wa Katanga, wa upande wa Malemba-Nkulu. Hakuna ambaye angemgusa. Nilingoja nione atafanya nini, na si mimi peke yangu: mtaa mzima ulijua urafiki ule, na kila mtu, kwa sababu yake mwenyewe, alitaka kuona mwisho wake.

Sergent alikuja asubuhi mashinisti alipokuwa akifunga mizigo. Nilikuwa naanika nguo, niliona na kusikia yote. Mke wa mashinisti alisimama mlangoni, yule binti mdogo mgongoni mwake, amefungwa kwa kitenge. Mtoto alikuwa anakohoa kikohozi kile kinachomaliza pumzi kabla ya kumalizika chenyewe. Wanaume wawili walitembea ndani ya lupango kama kawaida yao.

“Bado iko na mimba,” mashinisti akasema, akimwonyesha jike lililorithi jina lile.

“Na ingine?”

“Shimo pale chini ya ua. Uzibe.”

“Na ingine?”

“Sufuria kubwa itabakia. Hatuwezi kuibeba.”

“Na ingine?”

Mashinisti alitazama mlangoni, alikosimama mke wake. Mtoto alikohoa. Nakumbuka kwamba hata mbwa walikuwa wamesimama.

“Dume ile ya kizee,” akasema mwishowe, “isipigwe.”

Sergent akasema, “Sawa. Nimeelewa.” Akamshika mkono, akatoka.

Niliona kwamba hakungoja “Njo yote.” Nilidhani ni haraka ya siku ile.

*

Treni haikuja. Watu waliofukuzwa walikaa kituoni, wao na vitanda vyao na milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao, chini ya maturubai, na mvua ikaanza. Walikuja wengine kutoka kusini, mabehewa yakawaacha pale. Kulikuwa na surua, kulikuwa na kuhara. Makaburi yalichimbwa nyuma ya ghala. Baba alikwenda kule kwa siri na unga, akarudi, akakaa na viatu vyake vyenye matope ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Njia ya kutoka kwa Sergent hadi mtaa wa reli inapita kando ya waya wa kituo. Kila siku alipita pale na sufuria ya bukari na vichwa vya samaki wakavu wa ziwa Kisale, akienda kulisha mbwa wa mashinisti katika nyumba tupu. Watu wenye njaa waliitazama sufuria. Wengine walimjua, wengine walikuwa wamewahi kupokea mbwa kwake. Yeye alitazama mbele. Nilimfuata siku moja kwa makusudi nione kama atageuza shingo. Hakugeuza.

Yule binti alikufa kabla treni haijaja. Habari ilifika mtaani asubuhi, na siku hiyo Mama Sergent aliacha kupika chakula cha mbwa. Hakugombana, hakueleza. Aliweka mwiko chini, na tangu siku hiyo Sergent alipika mwenyewe.

Hapa ndipo mtu yule ananishinda, kwa sababu ningependa kumwita mwoga na kumaliza, lakini mambo hayaniruhusu. Nyumba ya mashinisti ilikuwa nzuri, na mkubwa wa wale vijana wenye vitambaa aliitaka. Alikwenda kuichukua, akakuta mbwa wamesimama kila upande wake, kimya. Alimpiga mmoja teke. Wakampasua paja. Basi wale vijana walimfuata Sergent kwake, wengi, mchana, wakamwambia awatoe wale mbwa wa Mkasai pale au awaue. Akawaambia kwamba mbwa wa kuachiwa haondolewi. Wakamwuliza kama amebadilisha kabila. Akawajibu kwamba mbwa hana kabila, na kwamba yeye alikuwa akifundisha mbwa wa jeshi wakati mama zao wangali wanakojoa kitandani.

Walimpiga mbele ya mke wake. Walimvunja mkono juu ya kiwiko, na meno ya mbele yakaenda. Siku iliyofuata alionekana njiani, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa, mwingine umeshika sufuria. Walimpiga tena. Akaenda tena. Mwishowe walichoka, wakatafuta nyumba nyingine, hazikukosekana. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Alilala uani mwa mashinisti wiki ile Bado alipozaa, na hakutia hata mtoto mmoja kwenye pipa. Walipobweka, aliwaacha wabweke.

Kwa hiyo hakuogopa kupigwa. Nilikaa na jambo hilo. Mtu anayeweza kuvunjwa mkono kwa ajili ya mbwa, anashindwaje kugeuza shingo kwa ajili ya mtoto? Nilimwuliza baba. Alisema kila mtu ana mahali anapoishia, na si lazima mahali hapo pawe na maana. Sikuridhika na jibu hilo, na mpaka leo sijaridhika.

*

Miaka kadhaa ilipita. Mwaka wa mwisho wa Zaire, ingawa hatukujua kwamba ni wa mwisho, nilikwenda Kasai kutafuta kazi ya ualimu. Treni ilikwama Mwene-Ditu, na karibu na kituo nilimkuta mashinisti akitengeneza baisikeli. Alinijua kabla sijamjua. Alininunulia chai, akauliza habari za baba. Hakuuliza habari za mbwa. Mimi ndiye niliyesema kwamba bado wako hai baadhi yao, mle mle kwenye lupango, na kwamba Sergent aliumizwa kwa ajili yao.

Alifuta mikono yake kwa muda mrefu. Kisha akanieleza. Hakuweza kumwomba Sergent amchukue binti yule, alisema; mtu hawezi kumwekea rafiki yake moto mapajani na kumwambia akae. Lakini angeulizwa, angesema. Kwao kulikuwa na njia ya kuulizwa. Alikuwa amelitengeneza neno mdomoni, akalishika nyuma ya lile la dume la kizee. Lilikuwa linangoja swali moja.

“Aliuliza yote,” akasema. “Akaachia tu ile moja.”

Nilimwuliza kama ana ujumbe. Akasema hana. Nilimwuliza kama anafuga mbwa pale. Akacheka kidogo, akasema angemwachia nani?

*

Niliporudi Kamina nilikwenda moja kwa moja kwa Sergent, kwa sababu sijui kukaa na jambo. Hakuwa nyumbani. Mama Sergent alinionyesha njia kwa kidevu, bila kusimama.

Nilimkuta katika lupango la mashinisti. Paa la nyumba lilikuwa limeng'olewa na wezi, majani yalikuwa yameota sebuleni. Mbwa walikuwa wamebaki wawili tu, wazee, mmoja kipofu. Alikuwa ameketi juu ya jiwe akiwapozea bukari, akiipepea kwa kofia. Alikuwa amepungua sana. Alinitazama, akasema nimenenepa, kumbe Kasai kuna chakula.

Nikamwambia nimemwona mashinisti. Kofia ikasimama.

Nilimwambia yote, kama nilivyoambiwa, sikupunguza wala sikupaka mafuta. Alisikiliza akimtazama yule mbwa kipofu aliyekuwa anatafuta chakula kwa pua.

“Angelisema mwenyewe,” akasema.

“Ungemjibu nini?”

Hakujibu upesi. Nilijua kwamba kwa kipimo chake mwenyewe hiyo ilikuwa alama nzuri, au ya mwongo mwenye akili.

“Ningekatala,” akasema. “Nalisikia mutoto anakohola. Nalijua nikiuliza, atamutaja. Akimutaja, nitakatala. Na nikikatala, urafiki inakufa pale pale, mbele ya mbwa.”

“Kwa hiyo ulinyamaza ili urafiki usife.”

“Nalinyamaza.” Alisogeza chakula mpaka chini ya pua ya kipofu. “Mbwa, banaweza kunipiga minyi tu. Mutoto ya Mukasai mu nyumba, bangechoma nyumba. Na mama ndani. Weye umesoma. Sema kama niko ninabeba uwongo.”

Angeweza kuniomba kitu kingine chochote. Aliniomba hilo, na nilifikiri juu ya mkono wake, na umri wake, na sufuria ile miaka yote. Lakini aliuliza swali, na swali lilikuwa na jibu. Kwenye barabara hiyohiyo ya kituoni, nyumba ya tatu kutoka kwenye waya, kuna mjane mshonaji, Mluba kama yeye, asiye na mume wala mwana mkubwa wa kumtetea. Mwaka ule alimchukua mtoto wa familia moja kutoka kituoni, mvulana mwenye surua, akamkalisha kwake hadi alipopona na ndugu zake wakapata treni. Wale vijana walijua. Walikuja wakatukana, wakavunja dirisha, wakaenda zao.

“Nyumba ya mshonaji haikuchomwa,” nikamwambia.

“Najua,” Sergent akasema.

Mbwa kipofu alikuwa ameanza kula. Mwingine alingoja zamu yake.

“Mutoto ile alikuwa anakaa mu mulango wa mushonaji, anachezea bitambaa. Kila siku nalikuwa namuona. Pale njo nalikuwa napita na sufuria.”

Alimsukuma kidogo kipofu kwa mguu, ili mwenzake naye apate.